Asilimia 7 iliyotulaza usingizi

Najua wiki hii mlikuwa mnasubiri nimalizie ile mada yetu ya kamati za harusi, wale jamaa wanaochangisha mpaka mtu unaogopa kupokea simu. Samahanini sana. Tutaimalizia, maana kamati za harusi haziishi mjini hapa. Leo nina jambo limenikaa kooni, nisipolitoa nitapasuka. Ni habari ya mfupa.

Ndiyo, mfupa! Msigune kwanza. Nani kati yenu hajawahi kukaa kwenye benchi la supu saa moja asubuhi, akagonga mfupa kwenye sahani mpaka kile kitu laini cha ndani kikachomoka, akakinyonya huku amefumba macho? Kile ndicho uboho. Wengine wanauita uloto. Ng'ombe anao na wewe unao. Kwa mtu mzima, uboho wa kutengeneza damu unakaa zaidi kwenye mifupa ya nyonga, kifua, mbavu na pingili za mgongo. Hicho ndicho kiwanda cha damu yako, mchana na usiku, bila likizo.

Sasa kwenye familia yetu kiwanda hicho kiliingia mgogoro, na mgogoro wenyewe ukawa juu ya hesabu. Namba mbili zilizotoka kwa mtu mmoja. Moja ilitufanya tupike pilau, nyingine ikatufanya tukae kimya sebuleni mpaka saa sita usiku.

MGONGO WA DEREVA

Baba Mkubwa wangu ni dereva mstaafu wa malori. Miaka 30 na ushee alikuwa anakula lami ya Dar hadi Tunduma, anarudi, anakwenda tena. Mzee wangu alipofariki mimi nikiwa darasa la tano, ni Baba Mkubwa aliyenivalisha viatu vya shule na kulipa ada mpaka nikamaliza. Kwa hiyo mkiniona namng'ang'ania, mjue si bure.

Mwaka jana mgongo wake ukaanza kuuma. Kila mtu alikuwa na jibu mfukoni. Wazee wenzake wa bao wakasema ni viti vya malori vinadai chao. Mama Mkubwa akasema ni baridi ya feni. Jirani mmoja, ambaye simtaji kwa sababu nadaiwa naye, akasema hapo kuna mkono wa mtu. Mimi nami nikajifanya daktari, nikawa namnunulia diklofenaki kwenye duka la dawa pale kona. Kila baada ya siku chache, karatasi nyingine ya vidonge. Kumbe dawa za jamii ile ni hatari kwa figo za mtu mwenye ugonjwa kama wake. Nilikuja kuambiwa baadaye sana, na mpaka leo nikipita pale kona naangalia pembeni.

Miezi mitano ikapita. Mzee akawa anachoka kwa kupanda ngazi tatu tu za barazani. Akapata nimonia, ikapona, ikarudi. Mtu aliyekuwa anabadilisha tairi la lori peke yake pale mlima Kitonga sasa anahema kwa kufunga kamba za viatu! Tukampeleka hospitali. Damu ilikuwa 8.2, wakati mwanaume mzima anatakiwa awe na 13 kwenda juu. Picha ya eksirei ikaonyesha pingili moja ya mgongo imebonyea kama kopo lililokanyagwa. Wakapima protini za damu, wakakuta kuna protini moja imezidi wenzake kupita kiasi.

Daktari mmoja kijana akatamka neno ambalo hakuna aliyelijua pale: mayeloma. Kwa urefu wanaiita maltipo mayeloma. Ni saratani ya uboho. "Lakini hatuwezi kusema kwa protini na picha peke yake," akasema. "Lazima tuone kwenye uboho kuna seli za plazma kiasi gani."

UGOMVI WA SINDANO

Basi kikaitishwa kikao cha ukoo. Shangazi akatoka mbio kule Morogoro na msimamo wake tayari: "Hamumchomi sindano ndugu yangu! Wakinyonya uti wa mgongo atapooza."

Hili nalisema taratibu kwa sababu najua nusu yenu mnaliamini. Uboho na uti wa mgongo ni vitu viwili tofauti. Uti wa mgongo ni mshipa mkubwa wa fahamu unaopita ndani ya pingili. Uboho ni ule ute wa ndani ya mfupa. Sindano ya uboho haigusi uti wa mgongo. Inachomwa nyuma ya mfupa wa nyonga, pale juu ya kalio, mahali ambapo hata ukijigonga kwenye meza hufi. Mgonjwa analala ubavu au kifudifudi, anapigwa ganzi, sindano nene inazungushwa mpaka iingie mfupani, halafu daktari anavuta kwa bomba. Ganzi inazuia maumivu ya kuchomwa, ila ile sekunde ya kuvuta inauma kweli. Baba Mkubwa alitueleza kidereva: "Ni kama lori linavutwa na mnyororo huku gia imo ndani. Linaunguruma, halafu basi."

Shangazi akasalimu amri baada ya siku mbili. Mzee akachomwa. Baada ya wiki likaja jibu, karatasi moja yenye mistari miwili ya maana. Wa kwanza: seli za plazma asilimia 7. Wa pili: sampuli imechanganyika na damu.

Tukaambiwa mstari wa kuitwa mgonjwa wa mayeloma ni asilimia 10. Huyu ana 7, hajafika. Nendeni nyumbani, rudini baada ya miezi mitatu.

Wacha weee! Mama Mkubwa alipika pilau siku hiyo mtaa mzima ukajua. Mimi niliyekuwa nimechacha vibaya nilikopa nikanunua kreti la soda. Shangazi akapanda basi la kurudi Morogoro huku anasema, "Si niliwaambia?" Tulilala usingizi mnono. Ule mstari wa pili hakuna aliyeusoma mara mbili. Mimi ninayejidai naishi kwa kalamu niliusoma, nikaupita kama ninavyopita maandishi madogo ya bahati nasibu.

Wiki tatu baadaye Baba Mkubwa alikohoa, kukohoa kwa kawaida tu, ubavu ukavunjika.

MSTARI WA PILI

Safari hii tukaenda kwingine, kwa bingwa wa magonjwa ya damu. Mama wa makamo, miwani iko kwenye pua, maneno machache. Nikamwamkia, nikampa ile karatasi. Akaisoma. Nikaona jicho lake limepita mstari wa kwanza, likagota wa pili.

"Kijana, hii mmeiona?"

"Tumeiona dokta. Asilimia 7, hana ugonjwa."

"Mimi nakuuliza habari ya damu."

Nikawa mdogo kama kidonge. Akavuta karatasi, akaanza kunichorea. Na mimi nawachorea ninyi kwa maneno, maana hapa ndipo kwenye mada yenyewe.

Chukulia uboho ni ukumbi wa harusi. Ndani kuna watu wa kila namna: wanaotengeneza chembe nyekundu za damu, wanaotengeneza nyeupe, wanaotengeneza za kugandisha damu. Humo humo kuna wapishi wachache. Hao ndio seli za plazma. Kazi yao ni kupika kingamwili, zile silaha za kupiga magonjwa. Mpishi huyu anapika silaha ya surua, yule ya tetenasi, yule ya homa ya mafua. Kwa mtu mzima mwenye afya, wapishi hawa ni wawili au watatu kwenye kila watu 100, kwa kawaida hawafiki 5.

Kwenye mayeloma mpishi mmoja anaharibika. Anazaa mwenzake, naye anazaa mwenzake, wote sura moja, wote wanapika chakula kile kile kisichoshibisha mtu. Ndiyo ile protini moja iliyozidi. Wanajaza ukumbi. Watengenezaji wa damu wanakosa pa kukaa, damu inashuka. Wanachochea mfupa uliwe, ndiyo maana pingili inabonyea na ubavu unavunjika kwa kikohozi. Mfupa ukiliwa, kalsiamu inamwagika kwenye damu. Ile protini yao inakwenda kuziba figo. Wapishi wazuri wanazidiwa, nimonia inakuja na kurudi. Yaani kila kitu tulichokiita uzee wa Baba Mkubwa kilikuwa kimeandikwa pale.

Sasa swali: utajuaje wapishi wamefika wangapi? Unahesabu. Kuhesabu kwenyewe ndiyo kasheshe.

KUVUTA NA KUKATA

Kuna njia mbili za kuchukua uboho, na mara nyingi zinafanyika siku moja, kitanda kimoja, tundu lile lile.

Ya kwanza ni kuvuta kwa bomba. Kinachotoka kinapakwa kwenye kioo, kinatiwa rangi, mtu anakaa kwenye hadubini na kuhesabu seli moja moja. Hii ndiyo aliyofanyiwa mzee mara ya kwanza. Shida yake iko hivi. Mfupa una damu inayopita ndani. Ukivuta kidogo tu mwanzoni, unapata uboho wenyewe. Ukiendelea kuvuta, damu inakimbilia kwenye bomba, uboho unazimuliwa kama chai ya mama anayejua wageni ni wengi. Ndiyo maana mafundi wanasema tone la kwanza lipakwe kwenye kioo, yanayofuata yaende kwenye vipimo vingine. Ukifanya kinyume, kioo kinapata damu ya kupita na wapishi wanaonekana wachache.

Tena hawa wapishi wabaya hawakai wametawanyika vizuri. Wanakaa kwa makundi, kijiwe hapa, kijiwe pale, wameshikamana na nyuzi za uboho. Bomba linawaacha pale pale. Unavuta, wanaokuja ni wale wasio na pa kushika.

Njia ya pili ni kukata. Inatumika sindano nene zaidi yenye tundu, inatoa kipande kizima cha mfupa na uboho wake, kama kijiti cha kiberiti, kikiwa kizuri angalau sentimita 2. Kinalainishwa, kinakatwa vipande vyembamba, kinatiwa rangi maalumu inayoshika alama ya CD138 iliyo juu ya seli za plazma, zinatoka kahawia. Hapo hakuna kujificha. Unaona vijiwe vyote na watu wake wamekaa, na mtaalamu wa patholojia anakadiria wamechukua asilimia ngapi ya ukumbi.

"Sasa zikitofautiana unafuata ipi?" nikauliza.

"Kubwa," akajibu. "Kanuni ya kimataifa iko wazi. Kioo kikisema 9 na kipande kikisema 30, mgonjwa ana 30."

Nikauliza kwa nini wasichukue wastani kama mitihani ya shule. Akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema wastani unachukua kama makosa yanakwenda pande zote. Hapa makosa makubwa yanakwenda upande mmoja. Damu ikiingia kwenye sampuli inapunguza wapishi, haiwaongezi. Bomba likishindwa kung'oa makundi, linapunguza. Ukiona namba ndogo kutoka sampuli mbaya, usiseme ugonjwa ni mdogo. Sema hujauona.

Jamani, sentensi ile nimeiandika nyuma ya simu yangu. Usiseme ugonjwa ni mdogo, sema hujauona.

HESABU YENYEWE

Kuna jambo jingine alilonionyesha. Mtu wa maabara anatakiwa ahesabu seli 500 kwenye kioo cha uboho, si 100. Mnaona kama ushamba? Ngoja. Chukua gunia la maharage yenye mchanganyiko, nyekundu 10 katika kila 100. Ukichota 100 tu, kwa bahati mbaya unaweza kutoka na 5, au kwa bahati nzuri 17. Ukichota 500, mchezo unapungua, unabaki takriban kati ya asilimia 8 na 13. Sasa kama mstari wa kusema "unao" au "huna" uko kwenye 10, unaona mwenyewe tofauti ya kuhesabu kwa haraka na kuhesabu kwa subira. Ni maisha ya mtu yapo pale katikati ya 7 na 10.

Kuna na mashine ya kisasa inayopitisha seli mbele ya mwanga wa leza na kuzisoma moja baada ya nyingine. Nilidhani hiyo ndiyo kiboko yao. Wapi! Ina kazi yake nzuri ya kutambua seli mbaya hata zikiwa chache, ila kwa kuhesabu asilimia inapunguza sana, maana sampuli yake mara nyingi ni yale matone ya nyuma yenye damu, na seli za plazma ni laini, zinakufa njiani. Kwa hiyo namba ya kumwita mtu mgonjwa haitoki huko. Inatoka kwa mtu mwenye macho, kioo chake na kipande chake.

Halafu si wingi peke yake. Mtu mwenye maambukizi ya muda mrefu, mwenye virusi vya UKIMWI kwa mfano, anaweza kuwa na wapishi wengi kuliko kawaida bila saratani yoyote. Mwili umeita msaada tu. Utawatofautishaje? Unawauliza kabila lao. Kila seli ya plazma inatengeneza mnyororo mwepesi wa aina moja kati ya mbili, kapa au lamda. Wapishi halali wamechanganyika, kapa wamezidi lamda kidogo, mambo yanakwenda. Ukikuta karibu wote ni kapa, au karibu wote ni lamda, ujue hao ni watoto wa baba mmoja. Hapo ndipo asilimia 10 inapokuwa na maana. Wingi, na uzao mmoja.

MZEE TENA KITANDANI

Baba Mkubwa akachomwa mara ya pili. Safari hii tone la kwanza likaenda kwenye kioo, na kipande kikakatwa. Mzee alitoka anachechemea, akaniambia, "Mwanangu, leo wamechukua na spea."

Majibu yakaja baada ya siku 10. Kioo: asilimia 9. Kipande: asilimia 40. Karibu zote kapa.

Someni tena hapo. Safari ya pili, fundi bingwa, tone la kwanza, na bado kioo kilisema 9. Kama tusingekatwa kipande tungerudi nyumbani kupika pilau nyingine. Siku ile ile, mfupa ule ule, tundu moja, namba moja inakwambia nenda nyumbani na nyingine inakwambia anza dawa kesho.

Wala sisemi wale wa kwanza walikuwa watu wabaya. Waliandika ukweli kwenye mstari wa pili, sisi sote tukaupita. Ila ningependa mtu angeutamka kwa sauti: jamani, sampuli hii haifai, turudie. Maneno matano yangetuokolea wiki tatu na ubavu mmoja.

MISTARI YA KUJUA

Kwa wale mnaopenda kukata na kubandika ukutani, hii hapa. Mwaka 2014 wataalamu wa mayeloma wa kimataifa walipanga upya kanuni za kuutambua ugonjwa.

Seli za plazma za uzao mmoja zikiwa chini ya 10, ile protini ni kidogo na mwili haujadhurika, huo si ugonjwa bado. Ni kiashiria. Watu wengi wanaishi nao mpaka uzee bila kusumbuliwa, kwa mwaka mmoja takriban mtu 1 kati ya 100 ndiye anayevuka kuingia kwenye ugonjwa wenyewe au jamaa zake. Unafuatiliwa tu.

Zikiwa 10 au zaidi lakini hazijafika 60, na hakuna madhara yoyote, hiyo ni mayeloma iliyolala. Hapo miaka mitano ya kwanza hatari ya kuamka ni kama 10 kati ya 100 kila mwaka. Mara nyingi unafuatiliwa kwa karibu, na kwa wenye hatari kubwa daktari anaweza kuzungumzia kuanza dawa mapema.

Zikiwa 10 au zaidi na kuna madhara hata moja kati ya manne, kalsiamu kupanda, figo kuchoka, damu kushuka, mifupa kuliwa, hiyo ni mayeloma kamili, dawa zinaanza. Baba Mkubwa alikuwa na mawili waziwazi, na figo zilianza kulalamika.

Zikiwa 60 au zaidi, hata kama mgonjwa anacheza muziki mpaka asubuhi, anatibiwa. Hasubiriwi. Imeonekana wengi wao madhara yanawafikia ndani ya miaka miwili. Kabla ya 2014 watu kama hao walikuwa wanaambiwa wasubiri figo ziharibike kwanza!

Mnaona namba hizi zinavyobeba watu? Ndiyo maana namba ya uongo ni mbaya kuliko kukosa namba.

Na si ugonjwa wa jana. Mwaka 1845 kule London mfanyabiashara wa vyakula, Thomas McBean, alikuwa anaumwa mifupa vibaya. Daktari wake akapeleka mkojo kwa mtaalamu aitwaye Henry Bence Jones, ambaye alikuta protini ya ajabu, ikichemshwa inayeyuka, ikipoa inaganda. Mpaka leo protini hiyo ina jina lake. Bwana McBean alifariki tarehe 1 Januari 1846, na mifupa yake ilionekana ndani baada ya kufa tu, maana siku hizo hakukuwa na njia ya kuuona uboho wa mtu aliye hai. Njia ya sindano ilikuja miaka ya 1920, kazi ya daktari Mrusi, Mikhail Arinkin, aliyekuwa anavuta kwenye mfupa wa kifua. Sisi tunaogombana kuhusu sindano tukumbuke kuna wakati watu walikuwa wanasubiri maiti.

Tena lituhusu. Huko Marekani imepimwa na kuonekana kwamba watu wenye asili ya Afrika wanapata mayeloma takriban mara mbili ya wazungu, na wanaipata wakiwa na umri mdogo kidogo. Colin Powell, yule jenerali aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, mtoto wa wazazi kutoka Jamaika, alikuwa anaishi na mayeloma alipofariki mwaka 2021 kwa UVIKO-19. Kwa hiyo ukiona mzee wako mgongo hauishi, damu iko chini bila sababu, figo zimeanza maneno, usikimbilie kusema ni uzee wala kumtafuta mchawi. Sisemi kila mgongo ni saratani, mimi mwenyewe wangu unauma kwa kulala kwenye kochi. Nasema ukiona mambo mawili matatu yamefuatana, pima damu, pima protini, usikae na diklofenaki kama mimi.

NENDA NA MASWALI

Na mkifika kwenye uboho, wewe kijana uliyesoma ndiye utakayeshika karatasi. Wazee wanaona aibu kumuuliza daktari. Wewe uliza, kwa adabu, shikamoo yako mbele. Mmevuta tu au mmekata na kipande? Tone la kwanza limekwenda wapi? Sampuli ilikuwa nzuri au ilichanganyika na damu? Namba hii imetoka kwenye kioo, kwenye kipande au kwenye mashine? Zikitofautiana mmefuata ipi? Ni za uzao mmoja? Daktari mzuri hakasiriki. Yule bingwa wetu aliniambia ndugu wanaouliza hivyo ni wachache kiasi kwamba anawakumbuka kwa majina.

Baba Mkubwa yuko kwenye dawa mwezi wa saba sasa. Ugonjwa huu kwa wengi hauondoki moja kwa moja, ila unabanwa, na watu wanaishi miaka. Damu imepanda mpaka 11.6. Ubavu umeunga. Juzi nilimkuta barazani amemfunga mtu bao tatu mfululizo, anamcheka mpaka nikamwonea huruma yule mzee mwenzake.

Mwezi ujao anachomwa tena, safari hii kuangalia dawa zimefanya nini. Tunatafuta chini ya 5. Nilipomkumbusha tarehe aliniangalia kwa muda, akapanga kete zake taratibu, akasema:

"Sawa. Lakini waambie wakate na kipande. Mimi sitaki kupikiwa pilau ya bure."

Nitakwenda naye. Nitasoma mistari yote miwili. Mkiniona wiki ile sijaandika habari za harusi, mtajua nasubiri namba.

Tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa. Kamati za harusi kaeni mkao wa kula, nakuja!